Kabeji Zilizofungwa kwa Uzi wa Kogo

Sasa nacheka kwa sababu sina jingine la kufanya, lakini siku hiyo, wenzangu, kama ardhi ya hapa Sigowet ingepasuka hata kidogo tu, ningeingia mwenyewe bila kusukumwa, na gambuti zangu miguuni. Mkiniona pale sokoni na mtu apite aniulize, "Mama Chebet, uko na uzi?" halafu watu waanze kushika mbavu, basi mjue ni haya maneno. Nasikia hadithi imefika mpaka Chepseon, na huko wanasema eti nilizishona kabeji kwa cherehani. Uongo mtupu! Sikushona. Nilifunga tu.

Lakini lazima nianze na shamba lenyewe, ama mtaniona mwendawazimu bure. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na kipande cha chai ya zamani, chai aliyopanda mama mkwe wangu na marehemu mzee (huyu mama mkwe sisi wote tunamwita Kogo, yaani nyanya, watoto ndio walianza na sisi tukafuata), na hiyo chai ilikuwa imechoka kabisa, unainama asubuhi nzima kuchuma na ukimaliza, majani hayafuniki hata chini ya kikapu. Mimi nikasema ing'olewe, nipande mboga. Weee! Huku kwetu ukisema unang'oa chai watu wanakuangalia kama umesema unauza kanisa. Mume wangu Joel alinuna wiki nzima. Lakini mimi nikishika neno siliachi, nikamwimbia huo wimbo asubuhi na jioni, akiwa anakula, akiwa ananyoa ndevu, mpaka akachoka.

"Sawa, Mama Chebet," akasema. "Panda msimu mmoja. Kabeji ikikubali, shamba ni lako. Ikikataa, narudisha chai na sitaki kusikia neno."

Na ili nijue hakuna mchezo, akaenda akaleta miche ya chai, ile inakuja kwa vimfuko vya plastiki, akaipanga kando ya nyumba chini ya kivuli cha nyasi, na kila asubuhi nikitoka kukamua namkuta anainyunyizia maji polepole huku akipiga mluzi. Huo mluzi ulikuwa unaniingia kwenye meno. Nikaapa moyoni kwamba hiyo miche itazeekea humo humo kwenye plastiki.

Nikaenda Kericho kwa agroveti kununua mbegu. Mwenye duka, mama mmoja mwenye subira sana, akaniwekea pakiti mbili juu ya kaunta akanieleza vizuri kabisa: hii moja inakomaa mapema lakini haingoji, ikishafunga kichwa unakata, ukiichelewesha shambani na mvua ikaja itakuaibisha, hii nyingine ni ya polepole, kichwa chake si kikubwa sana, lakini kinakaza na kinaweza kukungojea. Mimi katika maneno yote hayo nilisikia neno moja tu, "mapema", kwa sababu kichwani nilikuwa naona ile miche ya Joel. Isitoshe, picha ya pakiti ya mapema ilikuwa na kabeji kubwa, mtoto angeweza kujificha nyuma yake. Nikaichukua hiyo.

Miche yangu ikatoka vizuri, lakini haikutosha shamba lote, na mistari ya upande wa jikoni ikabaki wazi. Jirani yangu Mama Moraa (watu wake walitoka upande wa Kisii zamani, na yeye ndiye anauza mboga pale sokoni, kwa hivyo anajua kabeji kuliko mimi) akanipa miche yake iliyokuwa imebaki. Ilikuwa ya ile aina ya polepole. Nikaipanda hivyo tu, kuziba pengo.

Sasa tumefika mahali nilipoharibu. Ikafika wakati wa kuweka mbolea ya kukuzia, na siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha, barabara ni utelezi, nikifikiria kushuka mpaka dukani na kupanda tena na mfuko begani nikaona hapana. Na kwa stoo yetu, kama stoo ya kila mtu huku, kulikuwa na nusu gunia la mbolea ya chai imebaki. Nikaiangalia. Ikaniangalia. Nikasema, "Aah, mbolea ni mbolea." Haki ya Mungu, ni hayo maneno matatu tu yaliyonifikisha mahali nilifika. Nikamwaga, na sikumwaga kwa mkono wa uchoyo. Gunia likaisha kabla sijafika upande wa jikoni, basi hiyo mistari ya Mama Moraa nikaiwekea samadi ya ng'ombe iliyooza, kwa kuihurumia tu.

Wenzangu, kabeji zikaota! Majani yakatanda kama masikio ya ndovu, kijani mpaka yanaelekea kuwa bluu, watu wakipita njiani wanasimama wanauliza, "Mama Chebet, unazilisha nini?" na mimi najifanya sijui, "Ni neema tu." Joel akaacha kupiga mluzi. Hapo ndipo kichwa kilinivimba zaidi, nikasema kama kidogo kimefanya hivi, kingi kitafanya nini? Na Joel alikuwa ametoka kuletewa mbolea mpya ya chai yake. Nikachota tena. Ile mistari ya jikoni ilikuwa midogo, imejikunja kimya kimya pale, nikawa naionea aibu, mtu akija namzungushia upande mwingine.

Mama Moraa peke yake ndiye hakusifu. Siku moja aliinama akabonyeza kabeji moja kwa vidole.

"Mama Chebet, hii mbona ni majani tu? Imekuwa laini kama mto wa kulalia."

"Bado inajaza," nikamwambia.

"Na hizi zingine si zimeshafunga? Kata tuuze."

"Sikati. Zinangoja wageni."

Wageni wenyewe ni kikundi chetu cha akina mama wa kanisa. Tunatembeleana mashamba kwa zamu, na desturi yetu ni kwamba mwenye shamba anapika kile alichopanda, si cha kununua, watu wale waonje jasho lake. Zamu yangu ilikuwa imefika, na safari hiyo tulikuwa tumemwalika hata afisa wa kilimo, Madam Naliaka, anayekuja na pikipiki yake. Joel naye akasema mbele ya mama yake kwamba siku ya wageni ndiyo siku ya uamuzi: atatembea na wao, ataona, na jioni hiyo ama miche yake inaingia shambani ama inauzwa. Kwa hivyo mimi nikiwa na akili zangu timamu nikaziacha kabeji zilizokomaa zisimame shambani zinenepe zaidi, zile zile nilizoambiwa hazingoji.

Siku moja kabla ya wageni ikanyesha mvua ya nguvu mchana kutwa. Asubuhi nikaenda na kisu na karai nikate za kupika, nikiimba. Nikafika mstari wa kwanza. Wimbo ukaniishia mdomoni.

Zilikuwa zimepasuka. Si moja, si mbili, mstari baada ya mstari, kabeji zimeachama midomo kama kwaya iko katikati ya pambio, ndani kweupe kunaonekana, na zingine huko chini zimeanza kuwa telezi na harufu mbaya. Nikakaa chini kwenye matope. Nikalia kidogo, siwafichi. Kisha nikasikia nyuma ya nyumba Joel anamwagilia miche yake, na anapiga mluzi, na nikainuka.

Mtu wa kawaida angesema, wageni wangu, mnisamehe, imeharibika. Mimi nikakata za kupika zile zenye nafuu, nikapeleka jikoni, na kwa kupita sebuleni nikaona kikapu cha Kogo cha kufuma. Kogo anafuma sweta, na ndani ya kikapu kulikuwa na donge kubwa la uzi wa kijani, kijani kile kile cha kabeji. Yeye mwenyewe alikuwa ametoka kwenda kumwona mgonjwa kwa majirani. Nikaliangalia hilo donge kama vile nililiangalia gunia.

Mama Moraa alikuwa amekuja mapema kunisaidia kupika. Nikamvuta mkono mpaka shambani.

"Shika hapa, kaza."

"Unafanya nini, Mama Chebet?"

"Nafunga."

"Woi! Kabeji ifungwe na uzi?" Akaanza kucheka mpaka akashindwa kushika. Lakini ni rafiki, akashika. Yeye anabana kichwa kwa mikono miwili, mimi nazungusha uzi, nakaza, nafunika na majani ya nje, unaona kabeji nzima kabisa. Kisu nilikuwa nimekiacha jikoni na hakukuwa na wakati wa kukifuata, kwa hivyo sikukata uzi, nikitoka kwa kabeji moja naupitisha chini ya majani naenda kwa inayofuata, na inayofuata, mpaka mstari wote wa kando ya njia ukawa umeungana kama shanga. Nikaona ni ujanja mkubwa. Kisha ile mistari midogo ya jikoni nikaining'inizia blanketi kwenye kamba ya nguo mbele yake, mtu asiione.

Wageni wakaja wakiimba. Tukaomba, tukanywa chai, tukaenda shambani, na mimi mbele, nimefunga leso safi, natoa mafunzo kama mwalimu mkuu. Wanawake wanasema, "Aiyaya! Mama Chebet!" Joel nyuma, mikono mgongoni, lakini nikaona uso wake umelegea, na nikajua nimemshika. Mmoja akainama anyooshe mkono.

"Msiguse!" nikapiga kelele. "Jana nimezipiga dawa."

Madam Naliaka akageuka polepole. "Umepiga dawa jana? Na leo tunakula?"

Akina mama wote wakageuka kuangalia jikoni, ambako moshi ulikuwa unatoka.

"Hapana, za kula ni tofauti," nikasema, na jasho likaanza kunishuka mgongoni. "Za kula hazina dawa. Zilikuwa... zilikuwa kwingine."

Hapo ndipo Kogo alitokea, amerudi kutoka kwa mgonjwa, na fimbo yake, akiwasalimia watu, "Chamgei, chamgei," mmoja mmoja. Akafika mwanzo wa mstari. Akasimama. Macho ya Kogo hayaoni mlima lakini uzi wake anauona, na ncha ya ule uzi ilikuwa imetokeza chini ya jani la kabeji ya kwanza.

"Huu si uzi wangu?" akauliza.

Nikasema, "Kogo, twende tunywe chai." Hakunisikia, ama hakutaka. Alikabidhi fimbo yake kwa mtu, akainama, akaivuta ile ncha, akaanza kuuzungusha mkononi awe na donge lake tena. Kabeji ya kwanza ikafunguka. Akasogea, akivuta, akizungusha, ya pili ikafunguka. Ya tatu. Wala hakuziangalia kabeji, yeye shida yake ni uzi, anatembea na mstari polepole na donge linakua mkononi mwake, na nyuma yake kabeji zinaachama moja baada ya nyingine. Nilitamani aende haraka amalize. Hakuenda haraka.

Alipofika mwisho akapangusa matope kwenye uzi akasema, "Umelowa. Nani alileta uzi wangu huku?" Basi! Watu wakaanguka. Mke wa mchungaji, mama wa heshima zake, alishika mti. Mama Moraa alikuwa amekaa chini kabisa, anajipiga mapaja. Nikamtafuta Joel kwa macho. Yeye hakuwa anacheka. Alikuwa anaangalia upande wa miche yake.

Madam Naliaka alingoja kelele iishe, akachukua kabeji moja akaigawanya kwa mikono tu, bila kisu.

"Mama Chebet, niambie ukweli. Uliweka mbolea gani?"

Nikaangalia gambuti zangu. "Ya chai."

Nilidhani watacheka tena. Hakuna aliyecheka. Nikainua macho, nikaona huyu anakuna shingo, yule anaangalia mawingu, na mama mmoja wa kutoka chini bondeni akasema kwa sauti ya chini, "Hata mimi nimeweka hiyo kwa sukuma wiki." Mwingine akasema, "Mimi kwa nyanya. Zimekuwa miti, hazina hata ua." Kumbe stoo zetu zote ni moja!

Madam Naliaka akatueleza hapo hapo, amesimama kwenye matope. Chai tunachuma majani, akasema, kwa hivyo mbolea yake imetengenezwa isukume majani, majani, majani. Kabeji nayo hatutaki iendelee kutoa majani, tunataka isimame, ijifunge, ikaze. Ukiisukuma na ile ya chai inakuwa maji na upepo, mvua ikija inakunywa upesi na inapasuka. Tena udongo uliotoka chai tayari ni mchachu, na mbolea ile inauzidisha, ingefaa uweke chokaa kwanza. Na mbegu ya mapema haitaki kungojeshwa hata ukiibembeleza. Kila neno lilikuwa linanichoma kwa sababu nusu yake nilikuwa nimeambiwa na yule mama wa agroveti.

Kabla hajamaliza, Mama Moraa, aliyekuwa amekimbia jikoni kuangalia sufuria, akatoka na mwiko mkononi. "Mama Chebet, kabeji imeyeyuka. Imekuwa supu, na haina ladha."

Wageni wamekaa, ugali uko karibu, na mboga hakuna. Nikasema moyoni, kuaibika nimeshaaibika, haiwezi kuongezeka. Nikaenda nikavuta lile blanketi nikalitupa chini, nikashika kisu, nikaanza kukata zile kabeji ndogo nilizokuwa nazionea aibu. Ya kwanza kisu kilikwama. Nikaikata kwa nguvu, nikaiweka mkononi, nikashangaa uzito wake. Madam Naliaka akaja, akaigonga kwa ngumi, ko! ko! ko!, kama mtu anabisha mlango.

"Na hizi ulificha kwa nini?" akauliza.

"Ni ndogo," nikasema.

"Mvua ni ile ile. Udongo ni ule ule. Angalia kama kuna hata moja imepasuka."

Tukaangalia. Hakukuwa na hata moja. Tukala hizo, na wanawake waliomba kuongezewa, lakini mimi chakula hakikupita, kwa sababu nilijua bado kuna neno moja linanisubiri. Kweli, Joel akanawa mikono, akasimama.

"Tulikubaliana," akasema. "Kesho nachimba mashimo ya chai."

Hapo, wenzangu, aibu yote ikanitoka, ikabaki hasira. Nikasimama na mimi, mbele ya mke wa mchungaji, mbele ya afisa wa serikali, matope mpaka magotini. "Ulisema msimu mmoja! Msimu haujaisha. Hizo za jikoni bado ziko shambani, nenda uzipasue kwa mikono yako ukiweza. Kabeji haijakataa, Baba Chebet. Mimi ndiye niliilisha chakula cha wenyewe. Sitoki kwa hilo shamba!"

Kogo alikuwa kwenye kiti chake ananyoosha uzi wake ukauke. Akasema bila kuinua kichwa, "Hiyo chai ya zamani niliipanda nikiwa na wewe tumboni, Joel, na mgongo bado unaniuma. Palipo na zilizopasuka, weka chai yako. Palipo na zilizokaza, muachie. Na ufunguo wa stoo nitakaa nao mimi."

Na ndivyo ilivyokuwa. Nusu ilienda. Iliniuma, na bado inaniuma, nikipita pale naona chai ya Joel pahali kulikuwa na mistari yangu. Na msiniulize vile imeshika, imetoa majani kama imetumwa, kwa sababu mbolea yangu yote niliyomwaga ilikuwa inangojea mwenyewe hapo chini. Joel amerudia kupiga mluzi. Ule uzi Kogo aliumaliza kufuma, na sweta akanipa mimi, akasema harufu ya kabeji haijatoka na hakuna mtu mwingine atakubali kuivaa. Naivaa nikienda agroveti. Nikiwa nayo mwilini nasikiliza maneno yote mpaka mwisho, naulizia mbegu hii inangoja ama haingoji, na mbolea ya chai siwezi kuigusa tena hata ikiwa ya bure na imeletwa mlangoni.

Nusu yangu nimeiwekea chokaa na samadi, na sasa ina kabeji za polepole, ndogo, zimekaa kimya. Ile nusu nyingine bado naitaka, na nitaipata. Joel akisimama kwenye chai yake akianza huo mluzi wake, mimi nainama upande wangu, nachagua moja, naigonga kwa ngumi mpaka asikie.